Karata mbili zilimpa jina, meza ya kila siku ilimlisha

Mwaka 1976, katika kasino ya Binion's Horseshoe jijini Las Vegas, watu wawili walikuwa wamebaki kwenye meza ya poka wakisubiri karata ya mwisho ifunguliwe. Doyle Brunson, Mmarekani wa Texas mwenye miaka 42, alishika 10 na 2. Mpinzani wake, Jesse Alto, alishika ree na ghulamu. Mezani, mbele ya macho ya wote, zilikuwa zimelala ree, ghulamu, 10 na 2. Kila mmoja alikuwa na jozi mbili, lakini jozi za Alto zilikuwa kubwa. Katika karata 44 ambazo hawakuwa wameziona, nne tu ndizo zingeweza kumwokoa Brunson: 10 mbili zilizosalia na 2 mbili zilizosalia. Ilikuwa nafasi moja kati ya kumi na moja.

Ikafunguliwa 10. Brunson akawa bingwa wa dunia na kuchukua dola 220,000.

Mwaka uliofuata akarudi pale pale, na kwenye mgao wa mwisho akajikuta ameshika 10 na 2 tena. Safari hii aliyekaa mbele yake alikuwa Gary Berland, mwenye 8 na 5. Karata tatu za mwanzo zikampa Berland uongozi, ya nne ikawa 2 na kumgeuzia kibao, na ya tano, kana kwamba imeandikwa, ikawa 10. Dola 340,000 na ubingwa wa pili mfululizo. Hadi leo, kuanzia Las Vegas hadi Macau, mchezaji akigawiwa 10 na 2 atakwambia ameshika "Doyle Brunson".

Anayesikia kisa hiki kwa mara ya kwanza huamua kwamba poka ni bahati nasibu tu, na kwa migao ile miwili hatakuwa amekosea sana. Ila Brunson hakujenga nyumba wala kusomesha watoto kwa migao miwili. Kwa zaidi ya nusu karne alikula jasho la meza ambazo hazikuwa na kamera wala kombe: michezo ya fedha taslimu, inayoanza jioni na kuisha mtu anapochoka au anapofilisika. Kazi yake halisi ilikuwa huko, na ndiyo kazi ambayo leo walimu wa poka wanalipwa kuifundisha. Wanachofundisha kwa sehemu kubwa hakifanani na sinema. Ni subira, ni hesabu, na ni kujua saa ya kunyanyuka kitini.

Mkimbiaji aliyevunjika mguu

Brunson alizaliwa Agosti 10, 1933, Longworth, kijiji kidogo cha magharibi mwa Texas. Kipaji chake cha kwanza kilikuwa miguu. Akiwa sekondari alikuwa bingwa wa jimbo katika mbio za maili moja, na alipoingia Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, mjini Abilene, alicheza mpira wa kikapu vizuri kiasi cha kuivutia timu ya kulipwa ya Minneapolis Lakers, ambayo ndiyo Lakers ya Los Angeles ya leo. Kisha ikaja kazi ya likizo katika kiwanda cha jasi. Shehena ya mbao za jasi ilimwangukia, mguu ukavunjika, na ndoto ya kikapu ikaishia pale. Mguu ule ulimsumbua maisha yake yote. Uzeeni wachezaji wenzake walizoea kumwona akiingia kasino kwa gongo au kwa kigari cha umeme.

Hakuacha shule. Alipata shahada ya uzamili katika uongozi wa elimu, na angeweza kuishia kuwa mwalimu mkuu mahali fulani Texas. Badala yake aliajiriwa kuuza mashine za ofisini. Katika siku zake za mwanzo kazini alikaribishwa kwenye mchezo wa karata, na alichoshinda pale kikazidi mshahara wake wa mwezi mzima. Haukupita muda akaacha mashine na kushika karata.

Alianzia Fort Worth, kwenye mtaa wa Exchange, jirani na mazizi makubwa ya ng'ombe, ambako michezo ilichezwa na watu ambao hukutaka kuwakosea. Baadaye akaungana na wawili waliokuja kuwa magwiji kama yeye, Thomas Preston aliyejulikana kama Amarillo Slim, na Brian Roberts aliyeitwa Sailor. Watatu hao walisafiri kwa gari katika miji ya Texas, Oklahoma na Louisiana, wakifuata michezo ya wenye visima vya mafuta, wafugaji na wafanyabiashara. Mfuko wao ulikuwa mmoja: akishinda mmoja wameshinda wote, akiliwa mmoja wameliwa wote. Kompyuta hazikuwapo. Walichofanya ni kujigawia karata wao kwa wao, mara kwa mara bila kuchoka, wakiandika ni karata zipi zinashinda zipi na kwa kiasi gani.

Michezo ile haikuwa halali kisheria, na hatari zake zilikuwa nyingi kuliko kupoteza fedha. Polisi waliweza kuvunja mlango. Majambazi nao walijua kwamba kwenye nyumba fulani, usiku fulani, kuna rundo la noti mezani. Brunson aliporwa kwa mtutu wa bunduki zaidi ya mara moja. Kumshinda mtu ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kufika nyumbani na ulichoshinda.

Mwaka 1962, akiwa ndiyo kwanza ameanza maisha ya ndoa na mkewe Louise, madaktari waligundua saratani iliyoanzia kwenye uvimbe shingoni. Walimpa miezi michache ya kuishi. Baada ya upasuaji ugonjwa ukatoweka kwa namna ambayo hata wao hawakuweza kuieleza. Brunson alirudi mezani akiwa mtu mwingine, na mara nyingi alisimulia kwamba hapo ndipo alipoanza kucheza kwa uwezo wake wote. Ushirika wa watatu ulivunjika baadaye Las Vegas, walikopoteza mtaji wao wote, fedha zinazohesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Walibaki marafiki, lakini tangu hapo kila mmoja alibeba mfuko wake.

Meza inakata kabla hujashinda

Ili kuelewa kazi yenyewe, ni lazima kutenganisha aina mbili za mchezo. Kwenye mashindano unalipa kiingilio, unapewa kete, na zikiisha umetoka. Kwenye mchezo wa fedha taslimu, kila kete unayoiona mezani ni fedha halisi: ya dola 5 ni dola 5. Unakaa unapotaka na unaondoka unapotaka. Zikiisha, unatia mkono mfukoni na kununua nyingine. Uhuru huo ndio utamu wa mchezo, na ndio mtego wake, kwa sababu hakuna kengele inayolia kukuambia imetosha.

Mchezo unaotawala ni Texas Hold'em. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunguliwa katikati ya meza kwa hatua: tatu, moja, na moja ya mwisho. Kila hatua ina duru ya madau. Unaweza kufuata dau la mwenzako, kulipandisha, au kutupa karata zako. Unaweza pia kuzuga, yaani kuweka dau kubwa ukiwa huna kitu, ukitaraji mwenzako atakimbia.

Wachezaji wanashindana wao kwa wao, si dhidi ya kasino. Kasino yenyewe inakula kwa kukata sehemu ya kila fungu, yaani madau yote yaliyokusanywa katikati ya meza. Tuchukue meza ya watu tisa ambako kasino inakata dola 5 kwenye mgao mmoja, na mshindi anamwachia mgawaji karata bakshishi ya dola 1. Meza ya ana kwa ana hupitisha migao kama 30 kwa saa. Hizo ni dola 180 zinazotoka mezani kila saa, yaani dola 20 kwa kila kichwa. Mchezaji aliye sawa kabisa na wenzake, asiyewazidi wala kuzidiwa, anarudi nyumbani na hasara. Anayetaka kuishi kwa mchezo huu hatoshelezwi na kuwa mzuri. Lazima awazidi wenzake kwa kiasi kinachotosha kulipa makato kwanza, ndipo abakiwe na fedha ya kodi ya nyumba na unga wa watoto.

Sheria ya Marekani nayo imekubali kwamba hii inaweza kuwa kazi. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya kodi ya mtu aliyeitwa Groetzinger, iliamua kwamba anayecheza kamari muda wote, kwa bidii na mfululizo, kwa nia ya kujipatia riziki, anahesabiwa kuwa anafanya shughuli ya kiuchumi. Groetzinger hakuwa mcheza poka. Alibashiri mbio za mbwa. Uamuzi ule hata hivyo uliwagusa wote waliokuwa wakijaza fomu za kodi bila kujua wajiite nani.

Katika kizazi cha Brunson, wengi walimtaja Chip Reese kuwa ndiye bora kuliko wote kwenye meza za fedha taslimu. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dartmouth, akawa njiani kwenda Stanford kuendelea na masomo katikati ya miaka ya 1970, akapita Las Vegas kidogo tu, na hakuondoka tena. Sifa waliyompa wenzake hadi alipofariki mwaka 2007 haikuhusu ujasiri. Ilihusu utulivu: ungemtazama saa sita za usiku na usingeweza kusema kama anashinda au anaungua. Mtu wa namna hiyo anapoliwa hucheza vilevile alivyocheza alipokuwa akila, na kwa muda mrefu jambo hilo peke yake lina thamani kuliko hila mia.

Brunson hakuwa malaika wa nidhamu kila mahali. Alichovuna kwenye poka alikitumbukiza mara kwa mara kwenye madau ya gofu na kwenye biashara za ajabu, zikiwamo safari za kuitafuta meli ya Titanic na safina ya Nuhu. Watu wa meza hizi wana desturi ya kusema mchezaji ana "tundu", kama ndoo: anajaza huku na kuvujisha kule. Wapo wataalamu waliokuwa wakali mno wa karata na wakafa maskini kwa sababu ya tundu lililokuwa mita ishirini tu kutoka kwenye meza yao, pale penye gurudumu la ruleti.

Kitabu cha dola 100

Hadi miaka ya 1970, elimu ya poka ilikuwa ikitunzwa kama siri ya ufundi. Aliyejua hakusema, na aliyetaka kujua alilipa ada kwa kuliwa. Mwaka 1978 Brunson akaivunja desturi hiyo. Alichapisha kwa gharama zake kitabu kinene ambacho jina lake la kwanza lilitangaza jinsi alivyopata zaidi ya dola milioni moja kwa kucheza poka. Baadaye dunia ikakijua kwa jina la Super/System. Bei yake ilikuwa dola 100, fedha nyingi sana kwa kitabu cha zama zile.

Hakukiandika peke yake. Kila aina ya mchezo aliikabidhi kwa fundi wake: Chip Reese, Mike Caro, David Sklansky, Joey Hawthorne, na Bobby Baldwin, ambaye mwaka huohuo akiwa na miaka 28 alitwaa ubingwa wa dunia. Brunson mwenyewe akabaki na sehemu ya Hold'em isiyo na kikomo cha dau. Mafundisho yake yaliwashangaza watu waliodhani mcheza poka mzuri ni yule anayejificha na kungojea karata nzuri. Alisema shambulia. Chukua mafungu madogo ambayo hakuna anayeyapigania, moja baada ya jingine, usiku kucha. Hayo madogo ndiyo yatakayogharamia siku utakayoingia kwenye fungu kubwa ukiwa nyuma. Anayekutazama ataona mtu mwenye bahati na kichaa kidogo. Hataona kwamba umekwisha kujilipia tiketi kwa dola kumikumi alizokuachia yeye mwenyewe.

Kitabu kile kilimgharimu, na Brunson alikiri hivyo miaka mingi baadaye. Wapinzani walianza kumjibu kwa silaha zake mwenyewe. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na haukufungwa tena.

Mwalimu anauliza nini

Mwaka 2003 mhasibu kutoka Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia ubingwa wa dunia kwa tiketi aliyoshinda kwenye mchezo mdogo wa intaneti, akawashinda wachezaji wengine 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mamilioni ya watu walimtazama kwenye televisheni wakajiona wao. Miaka mitatu baadaye mashindano yaleyale yalikuwa na washiriki 8,773. Kasino zilijaa wageni wenye fedha na wasio na ujuzi, na nyuma yao likaja soko jipya: watu waliotaka kufundishwa.

Mmoja wa waliojijengea jina katika kufundisha meza za ana kwa ana ni Bart Hanson wa California, aliyefahamika kama mtangazaji wa matangazo ya moja kwa moja ya poka kutoka kasino ya Bicycle, karibu na Los Angeles. Msisitizo wake ni kwamba meza ya dola 2 na dola 5, yaani yenye madau ya lazima ya viwango hivyo kabla ya kila mgao, iliyokaliwa na daktari wa meno, dereva wa lori na mstaafu wa jeshi, si meza ya kompyuta. Watu wa kawaida hawazugi inavyopasa. Mzee aliyekaa kimya saa tatu akinywa kahawa yake, halafu kwenye karata ya mwisho akapandisha dau lako mara tatu, hakuja kukuchezea. Mwamini, tupa karata, hata kama zako ni nzuri. Programu za kukokotoa zinaweza kukuonyesha kwamba kinadharia ungepaswa kufuata mara kadhaa. Programu haimjui yule mzee.

Ukikaa na mwanafunzi na mwalimu wake wakipitia mgao, utashangaa jinsi wanavyochelewa kufika kwenye karata. Mwanafunzi huanza na karata alizoshika, na mwalimu humrudisha nyuma. Ulikaa nafasi gani? Nani alikuwa azungumze baada yako? Mpinzani alikuwa na kete ngapi, na wewe ngapi? Fungu lilikuwa kiasi gani kabla ya dau? Mara nyingi kosa huonekana wazi kabla karata hazijatajwa kabisa.

Chukua mfano wa kawaida. Zimefunguliwa karata nne, na wewe una kopa nne. Ikija ya tano umeshinda. Fungu lina dola 100. Mwenzako anaweka dau la dola 50. Je, ufuate? Kopa zilizobaki ni 9, karata usizozijua ni 46. Ukirudia hali hii mara 46, utashinda dola 150 mara 9, jumla dola 1,350. Utapoteza dola 50 mara 37, jumla dola 1,850. Umepungukiwa dola 500, yaani karibu dola 11 kila unapofuata. Basi utupe? Ngoja kwanza. Kama una hakika kwamba kopa ikianguka mwenzako atakulipa dola 56 zaidi kwenye duru ya mwisho, hasara inageuka kuwa faida. Kwa hiyo swali la hesabu limekuwa swali kuhusu mtu: huyu aliyekaa mbele yangu analipa au anakimbia? Hapo ndipo meza ya ana kwa ana inapompa nafasi mtu mwenye macho.

Mwalimu mwingine ni Tommy Angelo, aliyekuwa mwanamuziki kabla ya kuishi kwa poka na baadaye kuwa mwalimu, na aliyechapisha Elements of Poker mwaka 2007. Hoja yake kuu ni rahisi kuieleza na ngumu kuitimiza. Kama mimi na wewe tungefanya jambo lilelile katika hali ileile, mwishoni fedha hazihami kutoka kwako kuja kwangu. Faida hutoka kwenye tofauti tu. Na tofauti haziko kwenye karata peke yake. Ziko kwenye kulala, kwenye kula, kwenye kuchagua meza, kwenye kufunga mdomo unapofungwa kwa bahati mbaya, na kwenye kuondoka.

Angelo huwaambia wanafunzi wasihangaike sana kuufanya mchezo wao mzuri uwe mzuri zaidi. Waukate ule mbaya. Kila mchezaji ana saa zake za kuharibika: amepoteza fungu kubwa, damu imepanda, anafuata madau ambayo asubuhi angeyacheka. Wachezaji huiita hali hiyo "tilti". Mwanafunzi anayeshinda dola 30 kwa saa akiwa timamu na kupoteza dola 200 kwa saa akiwa na hasira hahitaji hila mpya. Anahitaji kuziondoa saa mbili za hasira. Ndiyo maana Angelo anafundisha kupumua, kukaa kimya, na kunyanyuka. Jared Tendler, mtaalamu wa saikolojia aliyeanzia kwa wacheza gofu, alilipa jambo hilo kitabu kizima mwaka 2011, akizipambanua aina za hasira: ya anayechukia bahati mbaya, ya anayedhani anastahili kushinda, ya anayetaka kumlipizia kisasi mtu mmoja mezani.

Kisha kuna daftari. Mwalimu makini humtaka mwanafunzi aandike kila kikao: saa alizokaa, alichoingia nacho, alichotoka nacho. Saa 1,000 za meza ya ana kwa ana ni migao kama 30,000, na mtu anayecheza mara tatu kwa wiki, saa saba kila mara, atazifikisha baada ya karibu mwaka mmoja. Anayecheza meza nyingi kwenye intaneti huifikisha migao hiyo kwa wiki chache. Maana yake ni kwamba mchezaji mzuri wa kasino anaweza kupoteza miezi kadhaa mfululizo bila kosa lolote, na mchezaji mbovu anaweza kushinda msimu mzima akajiona fundi. Wengi hushauri uwe na mtaji wa kununua kete mara 20 au zaidi kabla hujaacha ajira: kwa meza ya dola 2 na 5, hizo ni dola 10,000 ambazo hazihusiani na ada ya shule wala matibabu. Mwalimu anayeahidi mshahara wa kila mwezi anauza ndoto.

Nani anakata, na kiasi gani

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito mwingine. Uislamu umeharamisha kamari waziwazi, na makanisa mengi yanaikemea. Serikali zimechukua njia ya leseni na kodi. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayosimamia kasino na kampuni za ubashiri chini ya sheria ya mwaka 2003. Wanaocheza poka kasinoni Dar es Salaam au Nairobi ni wachache. Wanaojaza mikeka ya mpira kwenye simu ni umati, na wengi wao wanasimuliana habari za yule mmoja aliyepiga mkeka mkubwa, kama ambavyo dunia inasimulia 10 na 2 za Brunson.

Maarifa ya meza ya poka yanamfaa hata asiyegusa karata maishani mwake, kwa sababu yanamfundisha swali la kuuliza kabla hajatoa shilingi: nani anakata hapa, na anakata kiasi gani? Kampuni ya ubashiri huiweka faida yake ndani ya namba inazokupa, na haichoki, haina hasira, wala haiamki na usingizi. Mcheza poka angalau anaweza kumtafuta mpinzani dhaifu kuliko yeye. Mjaza mkeka hana pa kumtafuta.

Na hata mezani, ukweli wa yule mpinzani dhaifu haufai kufunikwa. Kila dola ambayo Brunson, Reese au mwanafunzi wa Angelo amekwenda nayo nyumbani ilitoka mfukoni mwa mtu. Wengine walikuwa matajiri waliojua wanalipia burudani: Andy Beal, mwenye benki kutoka Dallas, alikwenda Las Vegas kuwakabili mabingwa waliounganisha mitaji yao, Brunson akiwa miongoni mwao, na Februari 2006 alipoteza zaidi ya dola milioni 16 kwa Phil Ivey ndani ya siku tatu. Beal alibaki bilionea. Dereva wa lori aliyekaa meza ya dola 2 na 5 siku ya mshahara hana benki ya kurudia.

Brunson aliendelea kukaa kwenye meza kubwa za Bellagio akiwa na kofia yake pana ya Texas hadi alipopita miaka 80. Alikuwa na mataji kumi ya mashindano ya dunia ya poka, yakiwamo yale mawili ya ubingwa mkuu. Juni 2018, akiwa na miaka 84, aliingia shindano la kiingilio cha dola 10,000 na kutangaza kwamba anastaafu, kwa sababu Louise alikuwa mgonjwa na yeye alitaka kuutumia muda wake akiwa naye. Alifika meza ya mwisho na kumaliza wa sita, akashinda dola 43,963. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Akachukua gongo lake, akaondoka, na michezo ya usiku ule ikaendelea bila yeye.